Filimbi Kwenye Benchi la Nyuma

Machi 5, Jumatano ya Majivu

Wenzangu Kwaresima hii wameacha nyama, wengine wameacha sukari. Mimi nimeachishwa kusema. Daktari wa koo alinitoa kinundu Ijumaa, na jana aliponichungulia tena akasema wiki tatu hataki kusikia hata mnong'ono, maana mnong'ono ndio unaumiza zaidi. Nikamwandikia kwenye karatasi: "Na kuimba je?" Akacheka. "Mama, tuombe kwanza uweze kupiga hodi." Mimi sikuona cha kuchekesha.

Kwa hiyo nimenunua daftari. Mimi ni msusi, na msusi asiyesema atapasuka. Yaliyokuwa yatoke mdomoni yatatokea hapa. Mume wangu amefurahi, mnafiki yule. Ameketi karibu na redio tangu jioni, anatikisa mguu, anasema nyumba haijawahi kuwa na amani hivi tangu watoto waende bweni. Nimemtupia kandambili, nikamkosa.

Utani kando, naogopa. Kanisani wananiita Filimbi. Mwalimu wa kwaya ametunga wimbo wa Pasaka, unaitwa Kaburi Tupu, na ule mstari wa mtu mmoja ameutunga kwa koo langu, kule juu ambako kwaya nzima ninafika mimi peke yangu. Nimeimba tangu nikiwa mtoto mwenye mapengo. Sijui kusali kwa njia nyingine. Koo lisiporudi, sijui nitakuwa nani mle ndani.

Machi 6

Mvua imeanza. Saluni imejaa wanawake waliokimbilia kujikinga, wote wanajifanya wamekuja kuulizia bei.

Machi 7

Kumbe msusi asiyejibu ni kama kisima! Mteja wa asubuhi amenieleza habari za mkwewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na alipomaliza akanishukuru kwa ushauri. Ushauri gani, jamani, na mimi nilikuwa nimeuma chanuo?

Machi 9, Jumapili

Leo nimekaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Ndiko anakokaa mume wangu. Ni fundi bomba, na bomba halijui Jumapili, kwa hiyo hukaa pale ili akipigiwa simu atoke bila kuwakanyaga watu. Mama mkwe hukaa pembeni yake. Miaka yote mimi nimekuwa kule mbele kwenye joho, wao huku. Nilipopita kuja kukaa, Mama akanisogezea nafasi, akanong'ona, "Karibu huku kwa walala hoi."

Nafasi yangu amewekwa wifi yangu, dada yake mume wangu, fundi cherehani aliyetushonea hayo majoho. Mwalimu alipobonyeza kinanda kutoa sauti ya kuanzia, aliibonyeza pale pale anapoibonyeza siku zote, juu. Wifi akapanda, akafika katikati, sauti ikakatika kama kuku anayekabwa. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikaangalia chini nisionekane.

Lakini kuna jambo jingine nimeliona. Huku nyuma watu hawaimbi. Wanasimama, wanafungua kitabu, wanaimba mstari wa kwanza, wimbo ukipanda wanafunga midomo. Mama alikifunga kitabu akakiweka mapajani. Mume wangu alikuwa anaangalia dari, nadhani anakagua mfereji wa maji. Nikampiga kiwiko. Akaniinamia: "Huko mnakoimba ninyi, mke wangu, mimi sina ngazi."

Uvivu tu. Nilikasirika njia nzima, na hasira bila maneno ni mzigo mzito.

Machi 12

Mvua. Umeme umekatika, nimesuka gizani kwa kupapasa. Mistari imenyooka kuliko kawaida.

Machi 16, Jumapili

Mwalimu amemwonea wifi huruma. Leo kinanda amekibonyeza chini, chini kweli. Nilitaka kusimama niseme hapana, nikakumbuka sina mdomo.

Halafu kanisa likaimba. Sijui niandikeje. Mimi nimezoea kusikia kwaya, na nyuma ya kwaya kitu kama mvumo wa nyuki. Leo mvumo ulikuwa ndio wimbo. Benchi nililokalia lilitetemeka. Mama mkwe aliimba beti zote na macho ameyafumba, na hakuangalia kitabu hata mara moja. Kumbe anazijua zote kwa moyo!

Na mume wangu naye akaimba. Ee Bwana. Huyu mtu hana sauti, ana kelele. Anaanza na wenzake, wakikata kona yeye anakwenda moja kwa moja, kisha anawasubiri mbele. Tumeoana siku nyingi, na sikuwahi kukaa karibu naye watu wakiimba. Niliona haya nikamsogelea Mama.

Mlangoni Mama akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Leo nyimbo zimeteremka zikatusalimia." Watu wakacheka, wakampa mkono Mwalimu. Mimi nilipitia mlango wa pembeni.

Jioni nikamwandikia Mwalimu ujumbe kwenye simu. Nimemwambia ibada si kwa ajili ya kufurahisha mabenchi. Mungu anapewa kilicho bora, na Kaburi Tupu ukiushusha utakuwa wimbo wa kusukumia mkokoteni. Akajibu: "Umesema kweli, dada. Hizi Jumapili nawavumilia tu. Pasaka tutapandisha, wifi yako akaze buti. Ukipona kabla, mstari ni wako."

Leo nitalala vizuri.

Machi 19

Mume wangu anaimba akifunga mabomba. Jirani ameniuliza kwa ishara kama mzee anaumwa. Kwa ishara! Mimi ndiye bubu, yeye ana mdomo wake.

Machi 21

Wifi amekuja kusukwa. Kwa kawaida tukikutana ni mashindano, mimi namwambia sindano zake zimepinda, yeye ananiambia vichwa ninavyosuka vinafumuka. Leo aliketi kimya. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa nikaona mabega yanacheza. Analia.

"Wifi," akasema, "Mwalimu anasema Pasaka anaupandisha. Sifiki pale. Nimejaribu mpaka koo limewaka moto. Silali. Na ninajua wewe unasema nimekuchukulia nafasi yako." Akajifuta na taulo la saluni. "Mimi sikuiomba. Nilimwambia Mwalimu tumsubiri wifi. Kila siku namuuliza kaka, amepona? Na yeye ananijibu, bado, lakini kandambili anatupa vizuri."

Ningekuwa na sauti, ningemjibu kitu cha mzaha, tungecheka, ingeisha hapo, na nisingelijua lolote. Kwa kuwa sina, niliendelea kumsuka taratibu, nikalegeza pale pembeni ya sikio panapouma. Kichwa chake ni chepesi mikononi. Sikuwahi kumfikiria wifi kama mtu anayeogopa.

Kwa nini sikumwambia kwamba ni mimi niliyemwandikia Mwalimu apandishe? Ubao wa chaki ninaowaandikia wateja ulikuwa pale pale ukutani. Nimeuangalia mpaka alipoondoka.

Machi 23, Jumapili

Wamebonyeza chini tena, na kanisa limeimba tena. Mzee mmoja wa benchi la jirani alikuwa analia huku anaimba, na hakuna aliyemshangaa. Sikukasirika sana leo.

Machi 26

Daktari alisema, "Haya, sema aaa." Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na buti za kazi, akishika kofia mbele ya tumbo kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Nikasema, "Hodi."

Ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta, lakini ilitoka! Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Mume wangu akaenda kusimama kwenye korido, aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema kuna vumbi. Kwenye hospitali inayopigwa deki kila saa, vumbi! Asante, Mungu wangu. Asante kwa hodi.

Daktari amesema kidonda kimepona vizuri. Niseme kidogo kidogo, kuimba nianze chini na polepole. Nikamuuliza juu. Akairudisha miwani machoni. "Sitakudanganya, mama. Juu inaweza kurudi, inaweza isirudi."

Machi 29

Nimesema siku nzima. Wateja wameanza kunificha mambo yao.

Aprili 4

Nimewaaga wateja mapema, nikafunga mlango wa saluni. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata ningechinja ng'ombe ndani nisingesikika, na hicho ndicho nilichokuwa nakingoja. Nikasimama katikati ya viti na kuanza Kaburi Tupu.

Chini ilikwenda. Imekwaruza, lakini ilikwenda. Katikati ikaenda. Nikafika pale jiwe la kaburi linapoviringishwa, pale ambapo sauti inaruka na kubaki juu peke yake, nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Nikasema labda nimekaza. Nikanywa maji ya uvuguvugu, nikajaribu tena. Upepo. Mara ya tatu hata upepo haukutoka, ilitoka sauti ya kitu kinachochanika.

Nikakaa kwenye kiti cha mashine ya kukaushia nywele, nikalia kama mtoto. Nilimwambia Mungu wazi kwamba sijapenda. Nilimwambia, umeona watu wangapi wana sauti na hawaitumii, ukaja kuchukua kwangu mimi?

Mume wangu akagonga. Alikuja kunichukua na mwavuli, amelowa chapachapa, maana mwavuli wenyewe alikuwa ameukunja chini ya kwapa usiharibike. Akaniona. Akaweka sanduku la vifaa chini.

"Haifiki," nikamwambia. "Imekwisha. Sitaimba tena."

Hakunipa pole. Alivua buti moja, akamwaga maji nje, akavua la pili. Huyu ndivyo anavyofikiri, lazima mikono iwe na kazi.

"Mimi nimeimba bila sauti tangu nizaliwe," akasema. "Mungu hajanifukuza."

"Wewe ni tofauti."

"Tofauti kwa nini?"

Kila jibu nililokuwa nalo lingemtukana. Akavuta kile kistuli cha kuoshea miguu, akakaa, magoti yakafika kidevuni.

"Mama watoto, nikwambie. Mimi kusali kwa maneno yangu sijui. Nikianza, nasikia kama naongea na mteja. Siku ile wamekuingiza chumba cha upasuaji, nilikaa pale nje kwenye benchi, nikasema sasa niombe. Hakuna kilichokuja. Hata neno. Basi nikaimba."

"Kimoyomoyo?"

"Kwa sauti. Wimbo una maneno tayari, mtu anaingia tu humo na shida yake. Nikauanzisha ule wa mama, anaoupenda, wa mchungaji na kondoo. Nesi akatoka akaniambia, mzee, wagonjwa wamepumzika. Nikamwambia samahani. Nikaenda kumalizia uani, karibu na matangi ya maji."

Nilicheka huku nalia, na pua ikachuruzika vibaya. Nilimuona pale uani, kibonge mwenye buti, anaimba vibaya kwa ajili ya koo langu. Mimi nilikuwa nimelazwa ndani, nimechomwa sindano, na kitu pekee nilichokuwa naogopa ni mstari wa Pasaka. Na huyu, ambaye wiki zote hizi sikutaka hata asikike, ndiye aliyeniimbia.

"Ulifika mwisho?" nikamuuliza.

"Beti zote. Wa nne niliurudia, sikuwa na uhakika kama nimeupatia."

"Hukuupatia."

"Najua," akasema.

Tulitembea nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Mwavuli mzima, mkavu, na alikuwa ameubeba kwapani muda wote ule! Nimemshukuru Mungu kwa huyu mtu mpaka nimeishiwa maneno.

Aprili 6, Jumapili

Mwalimu ameanza kuwazoesha kwa ajili ya Pasaka. Kinanda kimepanda tena.

Wimbo wa kwanza, mstari wa pili, nikasikia ule utupu. Huku nyuma midomo ilifungwa mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaofunga maduka mvua ikija. Mume wangu akaangalia dari. Mama akaweka kitabu mapajani, akakunja mikono juu yake. Na mimi nikafungua mdomo kufuata, kwa mazoea, ukatoka upepo. Nikaufunga na mimi. Nikasimama pale na walala hoi wenzangu, nikisikiliza wimbo unaopita juu ya vichwa vyetu. Tena huko juu nimeupeleka mimi, kwa ujumbe wangu.

Baada ya ibada nilimfuata Mwalimu akiwa anafunika kinanda.

"Mwalimu, ushushe wimbo wa Pasaka."

Akanitazama kama nimevaa kofia ya mtu mwingine. "Dada, si wewe uliyeniandikia? Wimbo wa mkokoteni?"

"Niliandika nikiwa bubu. Sasa nasema."

"Utapoteza utamu. Pale juu ndipo jiwe linapoondoka!"

"Jiwe litaondoka hata chini, Mwalimu. Kaburi halikuwa darini."

Hakucheka. Nilimuelewa, wimbo ni mwanawe, ameulea usiku na mchana. Akasema, "Na Mungu apewe kilicho bora, hilo nalo umelifuta?"

"Sijalifuta. Lakini njoo ukae huku nyuma siku moja. Kilicho bora cha kanisa hili kiko mapajani kwa mama mkwe wangu, kimefungwa. Na cha kwangu kimefungwa vilevile. Pale juu sifiki tena, Mwalimu."

Hapo ndipo alipojua. Akasimama na kile kitambaa cha kinanda mkononi. "Filimbi," akasema, basi. Halafu akasema atafikiri.

Nilitoka nikamtafuta wifi nyuma ya kanisa, nikamwambia kila kitu kuhusu ule ujumbe. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mawifi bwana," akasema, "ndiyo maana tunatungiwa methali." Kisha akaniambia shingo yangu ya joho imechakaa, nimletee aishone. Ndivyo alivyonisamehe.

Aprili 8

Mvua kubwa. Mume wangu ameitwa kila nyumba. Amerudi na matope mpaka kwenye nyusi.

Aprili 13, Jumapili ya Mitende

Nimemuuliza wifi, Mwalimu ameamuaje? "Ametukataza kusema." Nikamwambia mimi ni wifi yako. "Ndiyo maana hasa ametukataza."

Mama anasema niache kuhangaika, aliye juu mngoje chini. Nikamwambia Mama, chini kwenyewe ndiko niliko. Akasema, "Basi umefika, tulia."

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Leo hakuna kinanda, hakuna kwaya. Kimya kirefu baada ya somo. Wengine walikohoa, wengine walihangaika na viatu. Mimi kimya nimekizoea, nilikaa humo kama nyumbani kwangu. Nilitoa shukrani bila sauti yoyote, na haikuwa ngumu.

Aprili 20, Pasaka

Kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Benchi letu la watu watano tulibanana saba. Mume wangu alivaa suti ya harusi yetu, kifungo kimoja kimegoma. Mvua ilikuwa imeanuka alfajiri na madirisha yote yalikuwa wazi.

Wifi akasimama pale ninaposimama mimi. Nilikuwa nimemsuka jana, mistari ya kurudi nyuma, amependeza jamani. Mwalimu akaweka kidole kwenye kinanda.

Chini. Alibonyeza chini.

Wifi akaanza. Sauti yake haing'ari, ni nzito kidogo, kama sufuria ya kupikia wengi. Alipofika kwenye jiwe, Mwalimu alikuwa amepabadilisha kabisa. Badala ya mtu mmoja kuruka juu peke yake, wifi anauliza, nani ameliondoa? Kisha anawanyooshea mikono watu wote wajibu. Nilikuwa najiandaa kusikia wivu. Nilijipapasa ndani, nikaukosa. Nilimtakia mema tu, kila neno lake, mpaka mikono ikaniuma kwa kuikaza.

Na kanisa likajibu. Mama mkwe akajibu kwanza kabla ya zamu yake, hakuweza kungoja. Nami nikafungua mdomo, naogopa, na ikaja. Haikuwa ile niliyoizoea. Ilikuwa imekwaruza, ya chini, sauti ya tatu, pamoja na wanaume. Ilishika na haikukatika. Kama Mwalimu angebonyeza kule kwa zamani, ningekuwa nimesimama mdomo wazi siku ya ufufuo. Nililia bila kuacha kuimba, kitu ambacho zamani sikukiweza.

Ubeti wa pili mume wangu akapotea. Wenzake walikata kona, yeye akaenda moja kwa moja na suti yake, kichwa juu, kwa nguvu zote, akimshukuru Mungu kwa wimbo ambao haukuwa wimbo wetu tena. Watu wa benchi la mbele wakageuka. Mimi nilikuwa nimeushika vizuri, nilijua kabisa ulipo. Nikamwona yuko kule peke yake. Nikaiacha sauti ya tatu, nikamshika mkono, nikamfuata alikokuwa, na tukakosea pamoja mpaka Amina.